Fungu la Sauti la Elinipa

Siku hizo kila kijana alivaa vizibo masikioni, asije akaanza kusikia ule mlio usiokoma uliowatesa wazazi wake. Vizibo vilimpa fungu la sauti la siku nzima. Likiisha, viliwaka taa nyekundu na kujifunga hadi alfajiri.

Namsifu alikuwa amechoshwa na kurudi kutoka kazini na kumkuta binti yake, Elinipa, keshamaliza fungu lake. Kila jioni alizungumza na taa mbili nyekundu.

"Muziki tu huo," alisema mumewe, Mbazi. "Wewe ndiye uliyemdekeza."

Basi Jumamosi Namsifu alificha redio, akafunga madirisha, akamwomba binti yake amtunzie fungu lake kwa jioni hiyo moja tu. Elinipa alikubali. Walipoketi kula, vizibo vilikuwa bado wazi.

"Haya mwanangu, nihadithie ya shule."

Kabla msichana hajajibu, Mbazi alionja mchuzi. "Chumvi iko wapi? Umeshinda nyumbani leo, hata kupika kumekushinda?"

"Na wewe umeshinda wapi?"

Sauti zilipanda. Elinipa aliinuka taratibu, akaenda jikoni, akawasha blenda tupu, akaiinamia kwa sikio hili, kisha lile. Wazazi waligeuka wakamtazama. Taa zilipowaka nyekundu alirudi mezani, akamtabasamia mama yake, akaendelea kula, uso umetulia kama wa mtu aliyelala.

Namsifu akajua kwamba siku zote hizo haukuwa muziki. Alijikokota hadi jikoni, akaizima blenda.

Mbazi akaendelea pale alipoachia.