Kamba ya Nyota

Nilipokaza fundo la mwisho pale juu ya paa, nilipapasa kiuno changu nikitafuta kamba yangu, nisiikute.

Mume wangu alikuwa chini, mkono mmoja kwenye ngazi, wa pili kwenye simu. "Mama watoto, imekaa sawa?"

"Imekaa."

Na kweli ilikaa. Nyota ya sikukuu, ile iliyoangukia gari la jirani mwaka jana, niliizungushia kamba kama mguu uliovunjika. Taa nilizifunga. Hata nyundo niliifunga, isije ikampasua mtu kichwa. Nilikuwa nimetoka kazini, nimefua, nimepika, ndipo nikapanda. Na kwa uchovu ule, kamba niliyopanda nayo ya kujifungia mwenyewe niliimalizia kwenye nyota.

Manyunyu yakaanza. Goti langu likateleza kwenye bati.

"Shuka basi utupakulie," akasema. "Watoto wana njaa."

Nikaikumbatia nyota. Haikutikisika hata kidogo. Nikaanza kulifungua fundo kwa meno.

"Sasa mbona unafungua? Si itaanguka!"

"Na ianguke," nikasema.