Dawa ya Kutia Kwenye Chai

Nanyama alikuwa ameshaanza kutwanga mizizi ndipo akamuuliza mgeni wake swali la kwanza.

"Mimba imefika wapi?"

"Mtoto ameanza kucheza, mama," Kiplagat akajibu, macho yake yakiwa kwenye kinu.

"Umejuaje?"

"Msichana alinishika mkono akauweka tumboni, nisikie."

"Ukasikia?"

"Nilisikia. Nikauondoa mkono."

Mchi uliendelea kupanda na kushuka. Kiplagat alikuwa nyapara katika shamba la mahindi la mzungu mmoja karibu na Kitale. Alizaliwa palepale kambini, katika vibanda vya wafanyakazi, na hakuwahi kuishi kwingine. Asubuhi hiyo alikuwa amedandia lori la magunia hadi Bungoma, kisha akatembea kwa miguu mpaka Kibabii, akiulizia nyumba ya mama wa dawa.

Aliyemwonyesha njia ni jirani wa Nanyama, mwanamke wa makamo aitwaye Wilkista, aliyekuwa akipalilia maharagwe kando ya boma.

"Wewe mtu wa mlima, umepotea au umepoteza?" Wilkista alimuuliza kwa sauti kubwa. "Si juzi tu chifu alisema barazani! Ati anayetoa dawa hiyo na anayeitaka, wote jela. Haya, pita. Na uiname, huo mlango ni mfupi kwa mwenye haya na asiye na haya."

Kiplagat aliinama, akapita. Sheria ilimtisha, lakini shida yake ilimtisha zaidi. Msichana aliyempa mimba alikuwa yaya wa nyumbani kwa mzungu, na memsahibu alikuwa ameapa kwamba mwanamume atakayemharibia yaya wake atafukuzwa shambani pamoja na wazazi wake na ng'ombe wao wote. Baba yake Kiplagat alikuwa mzee wa kupapasa njia kwa fimbo. Angempeleka wapi?

"Msichana mwenyewe ametaka?" Nanyama akauliza.

"Hapana. Ni mkaidi, bana. Anasema atazaa hata kama ni katikati ya mahindi."

"Sasa utamnyweshaje?"

"Kwenye chai. Anapenda sukari nyingi, hatajua."

Nanyama alichota unga wa mizizi kwa ncha za vidole, akaunusa, akaurudisha kinuni. Uso wake haukuonyesha kitu. Alikuwa amefanya kazi hiyo tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi.

"Nieleze alivyo, nijue kipimo. Mnene?"

"Mwembamba. Mrefu kunipita."

"Damu hutoka puani?"

"Sijaona."

"Miguu imevimba?"

"Sana. Hata vile vidole vyake viwili vilivyoshikana, huoni tena pale vinapoachana."

Mchi ulisimama.

"Mguu upi?" Nanyama aliuliza polepole.

"Wa kushoto. Kwani miguu ina shida na dawa?"

"Anaitwa nani?"

"Agneta. Ndilo jina alilokuja nalo. Kwao hakutaji, ukimuuliza ananuna."

"Na shamba lenu ni lipi? Nitajie jina la mzungu wenu."

Hapo Kiplagat akashtuka. Dawa na jina la mzungu vinahusiana vipi? Alitaka kudanganya, lakini mama yule alikuwa akimtazama kwa macho makali kiasi kwamba jina lilimtoka lenyewe.

Mara Nanyama akafanya jambo la ajabu. Alivuta leso yake kwa pupa akajifunika kichwa na uso mzima, akainuka akimpa mgeni mgongo, akapapasa ukuta mpaka kwenye mlango wa nyuma, akatoka mbio kupitia zizini. Kinu kilipinduka. Unga ukamwagika sakafuni.

Kiplagat alimsikia nje akipiga kelele kwa Kibukusu, lugha asiyoijua. Alisikia tu jina la Wilkista, na "Kitale", na tena "Kitale".

Amekwenda kunisema, aliwaza. Amejifunika ili aape kwamba hakuniona. Alikimbilia mlango wa mbele, lakini Wilkista alishafika, amesimama katikati na jembe lake mkononi. Ule utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Rudi ukae."

"Dada, nakusihi, niache niende. Sitarudi tena. Nina baba mzee."

"Kaa, nimesema!"

Alikaa. Nje, Nanyama alikuwa akilia kwa sauti kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, kisha akanyamaza, kisha akaanza tena.

"Askari wanafika saa ngapi?" Kiplagat akauliza.

"Askari gani? Amesema umlete msichana hapa. Atazalia hapa, na mtoto atakaa hapa. Mambo ya mzungu wako yatazungumzwa baadaye, wewe na baba yako mna mahali pa kulala."

Kiplagat alimkodolea macho. Hakuelewa hata neno moja.

"Basi si aingie aniambie mwenyewe? Mbona amenikimbia?"

Wilkista aliegemeza jembe ukutani.

"Mimi nilipokuja kunywa dawa humu, alinitazama usoni mpaka nikamaliza kikombe," alisema. "Wewe hawezi kukutazama. Kwetu, mama haonani uso kwa uso na mume wa binti yake."