Mguu wa Breki

Mzee Verlin Stroud alikanyaga breki kwa mguu wa kulia, kisha akaongeza na wa kushoto. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, na gari likaendelea kuteremka vilevile.

Mbele yake, gari-nyumba la binti yake lilijaza kioo chote: ngazi ya chuma, baiskeli mbili zilizofungwa mgongoni, na picha ya ile miti mikubwa myekundu waliyokuwa wakienda kuiona. Kona ikaja. Gari-nyumba likapunguza mwendo, na gari lake nalo likapunguza, taratibu, kama punda anayeijua njia ya nyumbani. Verlin akashusha pumzi.

Redio ya mkononi ikakoroma kitini. "Baba, uko sawa huko nyuma?" Ilikuwa sauti ya Maurine, binti yake.

"Niko sawa kuliko huyo mumeo. Mwambie kona haikatwi hivyo, hajabeba mayai."

"Amekusikia. Anasema asante, mzee."

Habari ya breki hakuitaja. Angeitajaje? Miaka thelathini na mmoja aliendesha malori ya magogo kwenye barabara hizi hizi, kutoka msituni hadi kiwandani, kwenye mvua na kwenye ukungu, bila kukwaruza hata taa. Sasa ana miaka themanini na sita, daktari amesema basi, mguu wake hauaminiki tena kwenye breki, na Maurine anautaka ufunguo. Ijumaa alipokuja kuuchukua, alimkuta baba yake ameketi ndani ya gari, amejifungia, na hakutoka mpaka walipopatana. Angeendesha mwenyewe kutoka nyumbani, mji wa Ukiah, hadi kwenye miti, nyuma yao. Akifika bila kosa, gari linabaki lake. Akikosea hata mara moja, atautoa ufunguo kwa mkono wake mwenyewe.

Maurine alikubali haraka mno, tena huku akitazama pembeni. Verlin hakujali. Bila gari angebaki mtu wa kungoja kupelekwa: kwa kinyozi, kanisani, kaburini kwa mkewe Edna. Hilo lilimtisha kuliko kifo.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito. Maurine alimshika mkono mpaka mlangoni, akamfunga mkanda. Dwight, mkwewe, akaingiza mkono dirishani akaweka gia mwenyewe.

"Hii usiiguse, mzee. Ina ukorofi wake."

"Mimi nilikuwa nabadilisha gia wewe hujaota meno."

"Najua, mzee. Lakini hii iache hivi hivi."

Aliiacha, maana siku hiyo hakutaka ugomvi. Na kweli gari lilikwenda vizuri. Injini hata hakuisikia, kwa ngurumo ya dizeli ya wale wa mbele. Kwenye kona usukani ulizunguka mikononi mwake kabla hajaamua kuuzungusha, akaona fahari kwamba mikono bado inakumbuka kazi.

Katika mji mdogo wa Laytonville walisimama kunywa kahawa. Alipogusa mlango, Maurine alikuwa keshafika na kikombe na mkate wenye nyama ya bata mzinga. "Usishuke, baba. Chakula kitakufuata." Kisha Dwight akamnong'oneza mkewe, lakini Verlin hakuwa kiziwi kiasi hicho: "Na akifika salama, utamwambia nini?" Maurine akarudi kwenye gari-nyumba.

Ni baada ya hapo ndipo mteremko ulipoanza na mguu ukamsaliti. Gari halikuwa na kosa, fundi alilikagua juma lililopita. Basi kosa ni la mguu, kama daktari alivyosema. Akaogopa, woga wa kweli, akaung'ang'ania usukani kwa mikono miwili. Mficha maradhi kifo humuumbua, alilijua hilo, ila maili zilizobaki zilikuwa chache na gari ndilo lililokuwa limebaki lake duniani. Akachukua redio.

"Maurine, msikimbie sana. Msije mkaniacha."

"Hatuwezi kukuacha, baba." Alisema kama mtu mwenye mafua.

Kisha miti ikaanza, jua likapotea. Verlin hakuinua macho kuitazama. Alichokiona ni watu: wageni waliosimama kando ya barabara, vichwa juu, midomo wazi, hakuna anayeangalia gari. Msichana mdogo mwenye koti la njano alikuwa akirudi kinyumenyume ili akione kilele cha mti, hatua moja, hatua nyingine, mpaka kisigino kikagusa lami. Verlin akakanyaga kwa miguu yote miwili mpaka kiuno kikamuuma. Gari halikusikia. Lilimpita yule mtoto kwa upana wa kiganja, naye wala hakugeuka.

Mbele kidogo gari-nyumba likaegeshwa, na gari la mzee likasimama pamoja nalo. Maurine akaja mbio, uso ameuchangamsha kwa nguvu.

"Tumefika, baba. Na hukukosea hata mara moja."

Verlin alikuwa keshauchomoa ufunguo. Akautoa dirishani.

"Chukua. Mguu wangu umekufa, Maurine. Nakanyaga breki na hazishiki, tangu kule kwenye mteremko, nami nikawaficha. Nusura nimuue mtoto wa watu kwa ubishi wangu."

Maurine akanyoosha mkono. Akaupokea ufunguo, akautia mfukoni.

"Asante, baba," alisema, akabaki palepale dirishani, amemkinga asione mbele, mpaka Dwight, aliyepiga magoti katikati ya magari mawili, alipomaliza kukifungua chuma kilicholivuta gari la mzee tangu Ukiah.