Salamu za Njiani

Nurudin alisimama tena. Safari hii ni kwenye geti la bluu, katikati ya kilima cha Pasiansi.

"Hodi wenyewe! Mmeamkaje? Watoto wazima?"

Fadhila akashika kiuno. "Baba Iqbal, daktari alisema nitembee, hakusema tukague mji."

"Salamu haina hasara, Mama Iqbal. Tangulia, nakuja."

Daktari alikuwa ameeleza vizuri. Mishipa inayolisha moyo wa Fadhila imesinyaa. Dawa peke yake hazitoshi. Atembee kila asubuhi, apunguze chumvi na mafuta, na kifua kikibana asimame mpaka kiachie. Fadhila alilia siku ile. Aliogopa kufa njiani peke yake. "Bila wewe sitoki mlangoni," alimwambia mumewe.

Basi wakawa wanatoka wote. Nurudin, fundi cherehani aliyevuta sigara tangu ujana, aliitupa pakiti. Alikula mchicha usio na chumvi bila kununa. Ila ugonjwa wa salamu ulimshinda. Muuza sato, salamu. Mwenye mbuzi, salamu, na mbuzi nao waulizwe hali. Anaegemea ukuta, anajifuta jasho, anacheka. Fadhila alichukia kucheleweshwa, maana mwili wake ulishaanza kukipenda kilima.

Asubuhi hii alimwacha hapo getini, akapanda. Kifua hakikubana hata kidogo. Alifika juu kwenye mawe, ziwa lote likawa chini yake, akacheka mwenyewe. Alifurahi mno. Leo nitamwambia naweza kwenda peke yangu, aliwaza, yeye abaki na salamu zake.

Alipogeuka aliona watu wamejaa getini.

Alishuka mbio. Nurudin alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani. Dorcas, mama muuza maandazi wa ng'ambo ya njia, alikuwa amepiga magoti kando yake, anamfumba macho.

"Wenye nyumba wako wapi?" Fadhila alipiga kelele. "Si alikuwa anaongea nao sasa hivi? Waiteni waseme!"

Dorcas alivua kanga yake ya begani, akamfunika mzee.

"Humo hakai mtu, mama. Wenyewe walihamia Buswelu mwaka jana. Kila asubuhi mzee anajishika kifua, anaegemea hapo, anasalimia geti mpaka wewe upite kona."