Vitunda vya Kupunguza Mwili

Jihan alikuwa ameinyosha mikono hina isimharibikie, wakati muuza vitunda alipoanza kuwaonyesha simu wanawake waliojaa kwenye nyumba ya harusi, pale Kibokoni.

"Mtazameni huyu. Vitunda vyekundu kutoka ng'ambo, vikavu, konzi moja kila asubuhi. Mwili wote umeyeyuka."

Aliye kwenye picha ni dada yake Jihan. Shingo imebaki mifupa, na buibui linamning'inia kama limetundikwa msumarini.

Vitunda gani? Dada hajavionja hata kimoja. Siku hizi hata uji haumshuki. Muuzaji alipokuja kuwatembelea, mama aliusitiri ugonjwa, akasema mwanawe anajipunguza mwili. Muuzaji naye akaomba ampige picha.

"Mimi niwekee mikebe miwili," shangazi mmoja akasema.

Kutoka upande wa pili wa mkeka, mama alimkazia Jihan macho. Ya nyumbani hayatolewi nje.

Jihan aliinyakua ile simu. Hina mbichi ikaupaka uso wa dada yake wote.

"Huyu ana saratani," alisema. "Nisamehe, mama. Haya, nani mwengine anataka mkebe?"