Macho ya Farasi Mzee

Loretta alipunga mkono mbele ya jicho la farasi, nalo halikupepesa. Akausogeza karibu, hadi kidole kikagusa kope. Jicho lilikuwa na ukungu mweupe, kama maji yaliyooshewa mchele.

Akazunguka upande wa pili. Vilevile.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewafundisha watoto wa mtaa kupanda farasi juu ya mgongo wa mnyama huyu. Sasa alielewa kwa nini, tangu theluji ianguke, farasi hakuinua mguu mpaka asikie sauti yake.

"Mwalimu, mbona umenyamaza?" aliuliza msichana aliyekaa juu ya tandiko. "Si uliniahidi leo tutakimbia?"

Msimamizi wa zizi alikuwa ameegemea uzio. Kila farasi asiyefaa tena kwa mafunzo aliondolewa na lori la Jumatatu, na hakuna aliyeuliza lilikokwenda.

"Kuna tatizo, Loretta?" msimamizi akauliza.

Angeweza kusema hakuna. Farasi alikuwa ametega masikio, akingoja neno lake.

"Shuka, mwanangu," Loretta akasema.

"Kwani nimekosea nini?"

 Loretta alimnyooshea mtoto mikono, akamteremsha chini.