Arobaini ya Pantelimon

Giaboksi ilimlalia Gavril kifuani, na jeki iliyopaswa kuibeba ilikuwa imetema mafuta yake yote na kusinyaa pembeni.

Alikuwa chali chini ya gari la padri, ubavu mmoja ukigusa ukuta, mkono wa kushoto umebanwa kati ya chuma na chuma. Klachi mpya ilikuwa imeshafungwa. Diski yake aliipanga katikati kwa kipande cha mpini wa ufagio, kama alivyofundishwa na baba yake, lakini shafti ya giaboksi ilikuwa imeingia nusu tu, ikagoma. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Alihitaji mtu wa kuizungusha injini kidogo, meno ya shafti yakutane na meno ya diski.

"Veta!" aliita. "Veta, njoo!"

Kimya. Akakumbuka kwamba kijiji kizima kilikuwa kwa mjane, kwenye arobaini ya Pantelimon.

Veta, mkewe, alikuwa amemsema asubuhi, huku akijifunga kitambaa cheusi kichwani. "Mtu umekunywa naye miaka ishirini, arobaini yake unajificha chini ya gari? Hata mdogo wake katoka Italia, wewe hatua mia mbili zinakushinda?"

"Padri anataka gari lake Jumapili."

"Padri mwenyewe yuko huko anasoma sala! Mjane anagawa sahani, mishumaa, taulo, vyote kwa ajili ya roho ya marehemu. Hata sahani yako hutaki kwenda kuipokea?"

"Nifikishie salamu."

"Salamu! Una nini siku hizi, Gavril? Umekonda utadhani wewe ndiye uliyefiwa."

Gari la Pantelimon lilipotumbukia bondeni kwenye kona ya kinu cha unga, watu wote walisema ni ile gongo yake ya matunda ya plamu. Hata mjane alisema hivyo, kwa aibu, akitazama chini. Mambo ya breki za gari lile aliyajua Gavril peke yake. Na sasa, aliogopa, aliyajua na marehemu, maana wafu hawafichwi kitu.

Kwao roho ya mtu huzunguka siku arobaini, ikipita kila ilikopita ikiwa mwilini, ndipo iende zake. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Tangu alfajiri Gavril alikuwa akihesabu saa. Jioni ikifika salama, basi amepona.

Pumzi zilianza kuwa fupi. Alijaribu kusukuma kwa magoti, giaboksi ikamkandamiza zaidi. Ndipo geti likalia, na hatua zikasikika kwenye changarawe, nzito, za polepole.

"Veta? Mungu akubariki! Kuna spana hapo juu ya bampa. Itie kwenye nati kubwa mbele ya injini, zungusha kidogo. Taratibu!"

Spana iligonga chuma. Injini ikajongea, shafti ikapata njia yake, na giaboksi ikateleza ndani upana wa vidole viwili. Uzito ukapungua kifuani. Mkono ulikuwa bado umebanwa, lakini aliweza kupumua.

"Hapo hapo! Usiachie." Akageuza shingo amtazame mkewe, akaona buti.

Buti nyeusi za ngozi, ndefu. Ya kushoto soli yake ilikuwa imeshonwa kwa waya wa shaba, mishono saba. Mishono hiyo aliishona Gavril mwenyewe majira ya baridi yaliyopita, Pantelimon akiwa amekaa pembeni na soksi zake, akimtania kwamba anashona kama daktari wa ng'ombe.

Buti zilisimama palepale, upande ule ule mmoja ambao mtu angeweza kutokea.

"Kaka Pantelimon," alinong'ona. "Kaka, usiniue."

Spana ilibaki palepale kwenye nati.

"Najua kilichokuleta. Ule mpira wa breki. Nilikwambia nimeweka mpya, sikuweka. Mpya haukuja, na wewe ulitaka kwenda mnadani kesho yake. Nikaufunga ule ule wa zamani, umepasukapasuka, nikaupaka grisi usionekane. Nikajiambia utakufikisha, ukirudi nitaubadilisha kimyakimya." Alikuwa analia, machozi yakimwingia masikioni. "Kisha wakasema ulikuwa umelewa, nami nikanyamaza. Niliuchomoa kwenye mabaki ya gari nikautupa mtoni. Hukuwa umelewa, kaka. Ulipita hapa asubuhi ile, ukanywa chai yangu, ulikuwa mzima kabisa. Nihurumie. Nenda zako kwa amani, nitakuwashia mshumaa kila Jumapili mpaka nife."

Spana iliwekwa chini, polepole sana. Goti moja likagusa changarawe, kisha la pili. Mkono ukaweka chini sahani ya ngano iliyochemshwa kwa sukari, yenye mshumaa katikati, na uso ukainama chini ya gari. Haukuwa uso wa Pantelimon. Ulikuwa wa Ilarie, mdogo wake.

"Mkeo kanituma nikuletee sahani yako," akasema. "Na buti kanigawia shemeji, sasa hivi mezani, nizivae kwa ajili ya roho ya kaka."

Akamkazia macho Gavril.

"Kwa hiyo hakuwa amelewa."